Kesho Nikibisha, Usiamke

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Asubuhi: mawingu mazito, upepo kidogo, mvua bado inajivuta.

Kwa mume wangu mdogo,

Salamu zikukute umekula na umeoga, maana najua hivyo viwili ukiachwa peke yako vinakushinda. Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika likiona mawingu, la kulia linalipuuza, na mimi niko upande wa la kulia. Wewe je? Usingizi unakuja? Mikono imeacha kutetemeka? Nijibu kwa mpangilio. Usiniambie "niko poa tu Bibi" kama mtu anayefukuzwa.

Barua yako imefika Ijumaa, imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi. Ndio utaratibu wa hiyo nyumba ya kupona, msimamizi asome kwanza, na sina kinyongo. Mwambie tu apunguze gundi. Nusu ya salamu zako zimebaki kwenye bahasha.

Kazi niliyopewa nimeielewa. Kila mmoja wenu amechagua wimbo, lakini haruhusiwi kuueleza yeye, kwa sababu msimamizi anasema ninyi nyote mna midomo ya kuuza maji mtoni. Wimbo uelezwe na mtu wa nje anayekujua, na barua yake isomwe na mwenzako mbele ya wote siku ya Jumamosi. Utaratibu huu ungefaa hata kwenye harusi.

Miaka yote ya ukarani wangu pale shuleni nimechapa mitihani ya fasihi. "Eleza maana ya ubeti wa tatu" nimeichapa mpaka vidole vikaota sugu, na hakuna siku mtu aliniuliza mimi naonaje. Kwa hiyo nimenoa penseli na kuandika rasimu kwenye shajara kwanza. Umesema wimbo uliusikia kwenye redio ya jikoni, na mwimbaji naye aliwahi kutumia unga akaacha. Haya, tuanze.

Ubeti wa kwanza: "Nilikuwa na nyumba, nikaifanya njia, nikapita sebuleni kama mgeni wa mvua." Hapa mtu ana kwao lakini hakai. Anapita tu. Huyu namfahamu, alikuwa akipita sebuleni kwangu akielekea chumbani, hata kochi hatazami. Alama nane kwa kumi.

Ubeti wa pili: "Wewe uliyefungua kila nilipobisha, kesho nikibisha tena, usiamke." Hii ni adabu. Mtunzi anajua mwenye nyumba ni mtu mzima na amechoka, anamwambia asijisumbue kuamka usiku. Wewe ungejifunza kwake. Alama tisa.

Kiitikio: "Polepole, moyo, polepole, hakuna aliyepanda ngazi kwa kuruka paa." Kinajieleza chenyewe. Alama nane.

Ubeti wa tatu: "Leo nimeona mwanga, si mwanga wa sherehe, ni wa kutosha kuona viatu vyangu viko wapi." Hapa mtunzi ameishiwa. Mtu akitoka gizani aone jua, aone mto, aone uso wa mama yake. Viatu? Tumaini gani hilo la chini ya kitanda? Alama tano, na hizo nimemhurumia.

Wasalimie wenzako wote na huyo mwenye gundi.

Mkeo,
Bibi


Jumatano, tarehe 13 Machi

Kwa mke wangu mkubwa,

Nakujibu kwa mpangilio kama ulivyotaka. Nimekula. Nimeoga. Usingizi unakuja, ila unachelewa kama fundi bomba. Mikono imetulia, jana nilitia uzi kwenye sindano nikashona kifungo cha msimamizi. Goti lako la kulia lipe heshima zangu, la kushoto lipe pole.

Kwanza nikuchekeshe. Msimamizi aliposoma "mume wangu mdogo" juu na "mkeo" chini, aliniita ofisini, uso umekunjamana. "Kwenye fomu umeandika hujaoa." Nikamwambia, "Mzee, soma na jina lililo chini ya hilo." Akasoma "Bibi", akacheka mpaka akavua miwani.

Barua yako ilisomwa na Kipara. Huyu ndiye tunayelala naye chumba kimoja. Alikuwa kinyozi, na kichwa chake chote ni uwanja. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtangazaji. Ulipotoa alama tano chumba kizima kiliangua kicheko. Yule tunayemwita Mzee wa Chai, kwa kuwa birika halimtoki mkononi, akasema, "Huyo mama aje atusahihishe na sisi." Sasa hapa unaitwa Mwalimu wa Jumamosi.

Lakini Bibi, alama za viatu nazikatia rufaa. Wiki ya kwanza nilikuwa kwenye arosto, na arosto ni ule ugonjwa unaoushika mwili ukinyimwa ulichouzoesha. Mifupa inawasha. Unasikia baridi huku unavuja jasho. Kipindi hicho nilikuwa nikitaka kwenda chooni navaa viatu vya yeyote vilivyo karibu, kimoja cha huyu, kimoja cha yule. Asubuhi moja nikaamka, dirisha limeanza kuwa jeupe, nikaviona viatu vyangu chini ya kitanda, kimoja kimelala ubavu. Nikajua ni vyangu. Nikataka kuvivaa. Hicho tu. Sikuona mto wala uso wa mtu. Ila tangu nije hapa ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kutaka kitu ambacho si unga.

Kuhusu ubeti wa pili, walicheka uliposema adabu, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja. Msimamizi akasema, "Mwandikie asome tena." Kwa hiyo, Bibi, soma tena.

Mumeo asiye na fomu,
Mjukuu


Jumanne, tarehe 19 Machi
Asubuhi: mvua ya rasharasha toka alfajiri, imekatika saa mbili.

Kwa mume wangu mwenye viatu,

Nimefurahi kwamba umeshona kifungo. Nilikufundisha mimi, mwambie msimamizi. Hapa nyumbani ni wazima. Jirani wa ukutani amenunua jogoo asiyejua saa, anawika adhuhuri.

Rufaa imekubaliwa. Nilisoma habari ya viatu nikiwa nimesimama, nikaona nikae. Nimefuta tano nimeandika tisa. Kumi simpi mtu. Hata mwalimu mkuu wetu hakuwahi kumpa mtu kumi.

Ubeti wa pili nimeusoma tena, mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti, na nimeona nilipokosea. Nilidhani "wewe" ni mwenye nyumba. Kumbe ni muuzaji! Ndiye aliyefungua kila kijana alipobisha, hata usiku wa manane, maana biashara yake haina kufunga. Sasa mtunzi anamwambia, nikija tena kwa udhaifu wangu, wewe lala, usinifungulie. Ndiyo maana wenzako walinyamaza. Waliona mwalimu wao amepotea njia. Waombe radhi, waambie sasa nimefika.

Habari za chumba chako. Nimekipaka rangi nyeupe mwenyewe, ngazi nimeshikiwa na binti wa jirani. Godoro la zamani nimelitoa, nimenunua jipya. Na lile komeo la mlango wa mbele lililokuwa likilia kama mbuzi nimelipaka mafuta, sasa linateleza bila sauti. Ukirudi mwisho wa Mei, hata ukichelewa kazini ukafika saa tisa usiku, utabisha kidogo tu kwa kucha, nitasikia. Unajua nasikia.

Nimekuambia jogoo anawika adhuhuri? Nimekuambia. Basi nimechoka.

Mkeo,
Bibi


Alhamisi, tarehe 28 Machi

Kwa Bibi yangu,

Natumaini goti limepona na jogoo amepata saa. Mimi mwili ni mzima. Barua hii nimeiandika na kuichana mara kadhaa, kwa hiyo ukiona mwandiko umenyooka sana ujue ni nakala.

Asante kwa rangi. Asante kwa godoro. Nimeisoma ile sehemu ya komeo nikaenda nikasimama uani.

Bibi, "wewe" si muuzaji. Muuzaji hafungui mlango. Unamkuta barabarani, ana haraka, hakutazami usoni. Aliyefungua kila nilipobisha ni wewe. Ulifungua nikiwa na matope, ukafungua nikiwa nimetapika, ukafungua siku nilipokuja na redio ya watu. Bosi wangu wa gereji alipouliza ukamwambia nina malaria. Nilikuwa na malaria nyingi mwaka ule, mpaka yule bosi alimletea mkewe chandarua kwa kuniogopa.

Unajua nilichokuwa nikifikiri nikiwa huko nje? Nilikuwa nikifikiri: mambo yakiharibika kabisa, kuna mlango. Ndiyo nguvu iliyonifanya niendelee kuharibu. Kwa hiyo nilipousikia wimbo huu jikoni nikimenya viazi, nilijua ni wangu, na nikajua nimpelekee nani.

Siji kukaa nyumbani, Bibi. Msimamizi amenipatia nafasi kwa seremala mmoja, mji mwingine, ambaye naye alipita nyumba hii zamani. Gereji siwezi kurudi. Harufu ya thina ya rangi peke yake inanirudisha nyuma. Kwa seremala nitaanza na kupiga msasa, vanishi watapaka wengine. Kuna chumba nyuma ya karakana.

Utaratibu wa kuondoka ni huu. Tarehe 31 Mei mtu mmoja wa familia aje, asimame mbele ya wote, aseme kwa kinywa chake mtu wake anakwenda wapi. Asipokuja au asiposema, mtu habanduki. Anabaki mpaka apatikane wa kusema. Mimi sina mwingine. Njoo, Bibi. Useme siji kwako.

Nakupenda sana. Hilo usilitafutie maana, limekaa kama lilivyo.

Mjukuu wako


Ijumaa, tarehe 19 Aprili

Kwa Bibi,

Hujambo? Sijapata barua, nadhani posta imelala. Au msimamizi amebandika gundi mpaka haifunguki.

Hapa tunatengeneza viti vya shule fulani vilivyovunjika. Nimejifunza kwamba msasa una namba, na wenye namba kubwa ndio laini. Nikaona nikuambie, wewe unayependa mambo yenye mpangilio.

Kipara amemaliza muda wake, ameondoka. Mama yake alikuja kumchukua, mama mwembamba, amevaa raba kama mtu anayetaka kukimbia mbio. Alisema mbele ya wote, "Anakwenda nyumbani kwangu," akalia, na sisi tukalia. Kitanda chake kiko wazi. Ninalala upande unaokitazama.

Niandikie hata habari ya jogoo.

Mjukuu


Alhamisi, tarehe 9 Mei

Kwa Bibi,

Mzee wa Chai kila Jumamosi anauliza, "Mwalimu hajaleta?" Namjibu mwalimu yuko likizo.

Kipara amerudi. Amekonda, hana hata nguvu ya kutania. Mama yake amemleta tena, na zile zile raba. Nimemvua viatu nikavipanga chini ya kitanda chake, pamoja, vyote vimesimama, ili akifumbua macho avione.

Kama ni hasira, andika hasira. Nitaisoma.

Mjukuu


Jumanne, tarehe 14 Mei
Asubuhi: jua kali, anga tupu, nguo zimekauka kabla ya chai ya saa nne.

Mjukuu,

Sijafa. Posta haijalala. Mimi ndiye niliyekuwa sina la kuandika, kila nikishika kalamu nikaandika hali ya hewa, nikaweka chini.

Umesema niandike hasira, basi pokea. Mama yako alipofariki uliwekwa mapajani pangu huna hata jino. Ulikuwa ukilia usiku naamka. Ulipougua surua naamka. Ulipoanza shule ukaota ndoto za mwalimu wa hesabu, naamka. Sasa uniambie ni siku ipi mtu alipaswa kuja kunigonga begani aseme, "Mama, kuanzia leo huyu akibisha usiamke"? Mtoto hana tarehe ya kuisha.

Na huyo mtunzi wako nina neno naye. Unaukumbuka ule usiku wa mvua kubwa? Huukumbuki, maana hukuwa na fahamu. Hukubisha. Ulianguka tu mlangoni, nikasikia kishindo kama gunia limeshushwa. Nilifungua nikakukuta midomo imekuwa rangi ya wino. Nilikugeuza ubavu, nikakupiga makofi, nikaita jirani kwa sauti ambayo sikujua ninayo, tukakubeba mpaka hospitali kwa mkokoteni wa muuza maji. Ningemsikiliza mwimbaji wako siku ile, leo ungemwandikia nani barua ya kusema usiamke?

Isome hiyo Jumamosi. Yeyote anayetaka kuniambia nilikosea kufungua, aandike jina lake kamili na anwani.

Ubeti wa pili: sifuri.

Kuhusu tarehe 31 sijui. Godoro jipya lipo na karatasi yake ya nailoni sijaitoa.

Huyo Kipara mpe uji mwepesi, kidogo kidogo. Asinywe kwa pupa.

Bibi yako


Jumatatu, tarehe 20 Mei

Kwa Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu leo utani sina haki nao.

Barua yako ilisomwa na Mzee wa Chai. Alipofika kwenye mkokoteni aliweka birika chini, na hilo halijawahi kutokea. Nilikuwa sijui habari hiyo. Niliambiwa tu kwamba niliugua. Una haki, Bibi. Wimbo ungefuatwa usiku ule, mimi nisingekuwepo. Nimelisema mbele ya wote, na hakuna aliyetaka kukuandikia jina wala anwani.

Yakazuka mabishano mpaka chakula kikapoa. Nusu walisema mama ana haki, mlango ufunguliwe. Nusu walisema na huyo anayefungua anakwisha. Msimamizi alijaribu kuingilia akaambiwa, "Subiri zamu yako, mzee." Mzee wa Chai akakupigia kura kwa mikono miwili, akaambiwa huo ni wizi wa kura.

Halafu Kipara, ambaye tangu arudi hajasema neno, akaomba karatasi yenye wimbo. Akausoma ule ubeti polepole, kidole kikifuata maneno. Akasema, "Huyu jamaa hajasema usifungue. Mnagombana na kitu ambacho hakipo. Amesema usiamke. Mama yangu halali kitandani. Tangu mwaka juzi analala kwenye kiti, kiti kimeegemezwa mlangoni, raba ziko miguuni, ili nikija asichelewe. Hata nikiwa humu ndani, nimefungiwa, sina ninakokwenda, bado analala kwenye kiti. Mimi ningekuwa na sauti ningemwimbia hilo hilo: Mama, lala." Akanirudishia karatasi, akajifunika shuka.

Bibi, nilikwenda kitandani nikajaribu kukumbuka uso wako ukiwa umelala. Nimeishi na wewe maisha yangu yote. Najua uso wako ukicheka, ukihesabu mashati, ukimkemea jirani. Uso wako ukiwa umelala sina. Niliingia saa nane usiku umevaa kanga na macho yako meupe. Niliingia saa kumi, hivyo hivyo. Nilidhani wazee ndivyo walivyo.

Sikutumii wimbo ili ufunge mlango. Nilieleza vibaya, ndiyo maana tukakatazwa kueleza wenyewe. Nataka kukaa kwa seremala kwa sababu nikiwa chini ya paa lako, hata nikiwa msafi kama sahani, wewe utakuwa macho. Utasikiliza miguu yangu. Utanusa shati. Ukisikia nakohoa utahesabu. Nani atapona humo, mimi au wewe?

Njoo tarehe 31. Usipokuja nitabaki, na sitakulaumu, nitaendelea na viti vya shule. Lakini njoo.

Mjukuu wako


Jumatatu, tarehe 27 Mei
Asubuhi: ukungu mwepesi, umeondoka saa moja na nusu, baadaye jua la kawaida.

Kwa mume wangu anayenihama,

Marahaba. Utani nimekurudishia, ila utumie kwa kiasi.

Barua yako nimekaa nayo siku mbili. Jirani aliniuliza mbona sijamtukana jogoo wake, ndipo nikajua nimebadilika.

Nitakuja. Nitapanda basi la kwanza, nitakaa dirishani, nitavaa viatu visivyobana. Umesema nisimame niseme unakwenda wapi. Nimefanya mazoezi mbele ya kabati. Mara ya kwanza nilisema "anakwenda nyum—" nikajikatiza. Mara ya pili nikamaliza. Mara ya tatu nilimaliza bila kushika kabati.

Nina masharti, na yaandike. Moja, utakuja Jumapili, si kila Jumapili, kazi ni kazi, na utakuja mchana jua likiwa juu. Utabisha kama mgeni, nami nitafungua kama mwenyeji. Pili, utaondoka mwenyewe kabla ya giza, sitakusindikiza kituoni kukulinda kama mfuko wa sukari. La tatu uliahidi mbele ya msimamizi: ukianguka, hata kama ni saa ngapi, usijifiche kwa aibu ukafie mtaroni. Bisha popote palipo karibu, kwa seremala, hospitali, kwangu. Hapo sitaki kusikia wimbo wa mtu.

Ubeti wa pili sijaupa alama. Nimefuta sifuri, nafasi iko wazi.

Mwambie Kipara nimesoma maneno yake. Mwambie nina neno na mama yake, nikija nitamtafuta. Wanawake wawili wasiolala lazima wana la kuzungumza.

Mkeo,
Bibi


Alhamisi, tarehe 27 Juni

Kwa mke wangu mkubwa,

Hujambo huko? Viatu visivyobana vimepumzika? Mimi niko salama, na nikisema niko salama safari hii nina ushahidi: fundi amenipa ufunguo wa karakana.

Sijapata nafasi ya kukuambia kuhusu siku ile. Wewe uliondoka haraka kwa kuwahi basi. Ulisimama umejinyoosha kama unaitwa jina shuleni. Ukasema, "Mjukuu wangu anakwenda..." Nilimwona msimamizi akiangalia saa. Mzee wa Chai alikuwa akikusukuma kwa macho. Halafu ukasema, "Anakwenda kwa seremala. Si kwangu. Na ni sawa." Ulilitoa lile neno "sawa" kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe. Wenzangu bado wananiandikia habari zake. Kipara anasema mama yake amerudi kitandani, ingawa raba anazo.

Fundi ni mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alinipa msasa na mguu wa meza, akasema, "Ukiona unateleza ndani, teleza hapa." Wiki iliyopita nikitoka dukani nilimwona mtu kwenye kona, na kwa namna alivyosimama tu nikajua anauza nini. Mate yalinijaa mdomoni, Bibi, mwili ni mnafiki. Nikarudi karakana nikapiga msasa ule mguu wa meza mpaka fundi akaja akausimamisha na wenzake. Meza inayumba. Akautazama, akasema, "Huu sasa ni mguu wa kiti." Hakuuliza zaidi. Akanipa mwingine.

Chumba changu kina dirisha moja na msumari mmoja wa kutundika shati. Kina komeo ndani, na jioni nalifunga mwenyewe. Ni jambo dogo, ila sijawahi kuwa na mlango wa kufunga.

Nitakuja Jumapili ya tarehe 7. Nitabisha mchana.

Mumeo,
Mjukuu


Jumatatu, tarehe 8 Julai
Asubuhi: baridi kidogo, mawingu meupe yaliyotawanyika, hakuna dalili ya mvua.

Kwa mume wangu, seremala wa viti vinavyoyumba,

Najua tumeonana jana tu, na ungeweza kusema bibi huyu hana kazi. Lakini sehemu ya jana wewe hukuiona, na mimi sipendi kuacha ukurasa nusu.

Ulipobisha nilikuwa tayari nyuma ya mlango tangu saa nne, hilo nakiri. Nilihesabu kidogo kabla ya kufungua ili nionekane mwenyeji mwenye shughuli. Ulikula vizuri. Uliosha sahani, ukaziweka mahali pasipo pake. Mikono yako imekuwa migumu, nimeipenda. Ulikaa kwenye kochi, ukakaa kweli, ukanyoosha miguu, na nilikutazama nikajifanya natafuta miwani.

Saa kumi na moja ulisimama ukasema unakwenda. Nilikuambia nenda salama, nikakupa ule mkate. Usichokijua ni kwamba ulipopinda kona nilikuwa nimeshavaa viatu. Nilifika getini. Najua njia ya kituoni inapita wapi na najua nani wanasimama pale jioni. Jirani alikuwa akifagia, akaniuliza, "Unamfuata?" Nikasema, "Nanyoosha goti." Akasema, "Basi nyooshea hapa hapa." Mwanamke huyu na jogoo wake, kuna siku wana akili. Tulisimama pale getini tukiongea habari za bei ya mkaa mpaka nikajua basi lako limeondoka, kama ulilipanda.

Nikaingia nikafunga komeo. Simu niliiweka mezani, ikanitazama nikaitazama. Sikupiga. Sijui hata sasa kama ulifika moja kwa moja. Natumaini ulifika. Nimeandika "natumaini" na nimelitazama neno hilo kwa muda mrefu. Silo lile la kuona jua na mto. Ni dogo, linatosha mpaka mlango wa chumba changu.

Godoro lako nimelitoa nailoni, nimelihamishia kitandani kwangu, maana langu lilikuwa limechoka na hilo lilikuwa linakaa bure. Nilizima taa mapema. Mwanzoni masikio yalikataa, yalikaa macho yenyewe kama walinzi wasioambiwa zamu imeisha. Geti la jirani likagonga kwa upepo, nikaketi, miguu ikatafuta sakafu. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Yeye ana komeo lake." Nikarudisha miguu kitandani, nikajifunika.

Nikalala saa sita kasoro dakika tano.

Mkeo,
Bibi